Mahari ni Ile Ile ya Mwaka Jana

"Mama Ngige, hizo nguo zako unauzia watu ama unauzia nyani?"

Rispah alimwuliza jirani yake hivyo siku ya Alhamisi, wakianika nguo kwenye kamba moja nyuma ya nyumba za kupanga, mtaa wa Tuwani, Kitale. Aliuliza akicheka. Macho yake hayakucheka.

"Nyani gani tena, Mama Emmy?"

"Si ninaona viatu yako. Huku kwetu matope ni nyekundu. Yako ni nyeusi. Hiyo ni matope ya mrima." Akakung'uta shati la kijani la mumewe, akalitandaza kwenye kamba polepole. "Na mzee wangu pia anarudi nayo. Hiyo hiyo."

Mary Ann Nyambu alibana shuka kwa kibanio. Akabana kingine pasipohitajika. 

Angejibu nini?

Kwa majirani alikuwa Mama Ngige, mjane, muuza mitumba, mwenye mwana mmoja aliye shule ya bweni, na sauti nzuri ya alto kanisani. Lakini kulikuwa na Idara moja isiyo na kibao mlangoni, na kwa Idara hiyo jina lake lilikuwa Sindano. Mkubwa wake aliitwa Cherehani. Na Wekoye, askari wa msitu, mume wa Rispah, mwenye shati lile la kijani, aliitwa Uzi.

Rispah hakujua. Ndiyo iliyokuwa sheria. Mke hajui, mtoto hajui, mchungaji hajui. Mungu tu ndiye ajuaye, na Yeye hasemi redioni.

Usiku ule Nyambu alipiga magoti akaomba, akaamka na wazo. Kazi ya Jumamosi ilikuwa kubwa, lakini Wekoye angepewa kituo cha kupumzika: akalinde lile pango la mwaka jana, juu ya Endebess, palipokutwa mifupa ya ndovu na majivu ya moto. Pango tupu. Arudi nyumbani mapema, viatu safi, mkewe atulie.

Alidhani anaokoa ndoa ya watu.

Kumbe alikuwa amemsukuma mtu kwenye mdomo wa bunduki.

*

Jumamosi. Soko la mitumba, Kitale. Mwezi wa nane, mwaka wa 2004.

Nyambu alikaa kwenye kibanda chake, mkono mmoja ukikunja sweta, mwingine ukipapasa redio ya Motorola ndani ya rundo la nguo. Waya wa sikioni ulipita chini ya kitambaa cha kichwa. Moyo haukutulia. Tangu alfajiri haukutulia.

Kila kitu kilikuwa sawa. 

Alirudia mambo kichwani kama mtu ahesabuye watoto wake njiani. Kuna Mzungu, Daktari Brandt, aliyewaambia watu wote kwamba anachunguza popo wa mapangoni. Uongo. Alikuwa akinunua pembe za ndovu na kuzivusha Uganda. Kiswahili alikisoma vitabuni, kikanyooka kama shati lililopigwa pasi. Hotelini alipata kumkatiza mhudumu mbele za watu: "Si vitu yangu, bwana. Ni vitu vyangu!" Kiongozi wake wa mlimani alikuwa Mukhisa, mtu wa Cheptais. Dereva wao alikuwa Absalom, aliyekaa Suam, pale mpakani, naye kwao ni Bungoma.

Jumatano Idara ilinasa simu ya Mukhisa kwa Absalom. Nyambu mwenyewe ndiye aliyesikiliza kanda na kuyaandika maneno:

"Ng'ombe ziko tayari. Mahari ni ile ile ya mwaka jana. Kuja Jumamosi mchana na gari."

Ng'ombe ni pembe. Hilo lilijulikana zamani. Na mahari? Binamu yake Mukhisa alikuwa akilipa mahari Tongaren Jumamosi hiyo hiyo. Mwaka uliotangulia kaka yake alilipa hapo hapo, kwa lori kubwa. Mambo yakaingiana kama kifungo na tundu lake. Pembe zitafichwa chini ya miguu ya ng'ombe wa mahari! Cherehani akavaa suti, vijana wake wakavaa suti, wakaenda Tongaren kujichanganya na wakwe.

Redio ikakwaruza.

"Sindano, hapa Cherehani."

"Sema."

"Ng'ombe wameshuka kwa lori. Tumewakagua. Tumeangalia mpaka chini ya mbao."

"Na?"

"Wana mikia."

Nyambu akakaza waya sikioni. "Wote?"

"Wote. Ni ng'ombe wa kweli, Sindano. Wanakula majani. Sasa wametuletea soda, na mimi nimefanywa mjomba wa bwana arusi. Wananitaka nitoe hotuba."

"Ngojeni kidogo."

"Tunangoja. Lakini ng'ombe ni ng'ombe."

Hapo ndipo Wilkista, muuza sufuria wa kibanda cha pili, mama mwenye kifua na maneno, alipofika na mzigo kichwani.

"Mama Ngige! Hebu toa hiyo gunia! Hii mahari ni yangu!"

"Mahari gani, Wilkista?"

"Ati mahari gani? Mahari! Hapa! Ya kupanga sufuria yangu! Mahari yako si ni huko? Kira siku unaniingiria tu, bana!"

Sweta ilimwanguka Nyambu mikononi.

Mahari.

Mahali.

"Mahali ni ile ile ya mwaka jana."

Si ng'ombe wa mkwe. Si Tongaren. Ni pango. Alikulia Ndalu, akicheza na watoto wa Kibukusu, akila kwao, akilala kwao. Lafudhi ile ya kusema r badala ya l, aliyo nayo Mukhisa pia, alikuwa ameizoea mpaka akaacha kuisikia. Lakini safari hii kulikuwa na mahari ya kweli njiani, na mkono wake ukaandika ulichotaka kuandika.

Na Wekoye yuko huko. Amekaa. Labda amevua viatu.

"Uzi, hapa Sindano. Uzi, jibu!"

Kimya. Ndani ya pango redio hufa, mwamba huimeza.

"Cherehani, ni mahali! Si mahari! Wanakutana kwenye pango la mwaka jana, na Uzi yuko ndani!"

 Nyuma ya Cherehani kina mama wa Tongaren walikuwa wakipiga vigelegele.

"Barabara ya huku ni tope tupu," Cherehani akasema, na sauti ilikuwa imebadilika. "Hatutafika mapema. Sindano, usiende peke yako. Hiyo ni amri."

"Redio inakwaruza. Sikusikii."

"Unanisikia vizuri sana!"

Akaizima.

"Wilkista, niangalilie kibanda."

"Na hii mahari?"

"Chukua yote!"

*

Pikipiki yake, Yamaha DT, ilikuwa imefichwa nyuma ya kinu cha kusaga mahindi. Chini ya kiti chake, ndani ya soksi nene ya mtumba, ililala bastola aina ya Ceska. Nyambu akaichomeka kiunoni, akavaa gambuti za mpira, akapiga teke stata.

Kitale ikabaki nyuma.

Mahindi yalikuwa yamefunga pande zote za barabara, marefu, yametoa ndevu. Hakuyaona. Endebess aliipita kama upepo, kuku wakiruka. Mbele, mlima ulikuwa umejifunika wingu hadi mabegani.

"Bwana," aliomba kwa sauti ndani ya helmeti, "sikio lililokosa ni langu. Usimtoze Wekoye."

Njia ya magari ilipoingia msituni, alisimama akainama. Alama za tairi pana. Land Cruiser. Mbichi, kingo bado hazijakauka. Angeifuata kwa pikipiki wangemsikia, maana msituni pikipiki hulia kama msumeno. Akaisukuma Yamaha vichakani, akaingia kwa miguu, njia ya mkato, wima.

Marehemu baba yake alikuwa mpasua mbao katika msitu ule. Alimfundisha bintiye mambo machache, na yote yalihusu kurudi nyumbani mzima. Usikanyage mti ulioanguka, uvuke. Usimwite mwenzako kwa jina. Na wasikilize mbega, nyani wale weusi wenye makoti meupe, kwa sababu hawana siri. Mtu akipita chini yao watanguruma.

Mbega walikuwa wakinguruma kule juu, upande wa pango.

Akaongeza mwendo. Miti mikubwa ya podo ilisimama kama nguzo za kanisa, ndevu za kuvu zikining'inia matawini. Pumzi ikamkatika. Matope yalikuwa meusi, mororo, yakivuta gambuti kama mkono wa mtu. Akapanda. Akateleza. Akapanda tena.

Halafu akasimama.

Mbele yake, katikati ya njia, mbogo dume. Mzee, peke yake, pembe zimechakaa, tope limemkaukia mgongoni. Wa namna hiyo ndio wabaya. Wamefukuzwa na kundi na hawana cha kupoteza.

Ceska ilikuwa kiunoni. Risasi moja tu, na watu wa pangoni wangejua.

Mbogo akapuliza pua.

Nyambu hakumtazama machoni. Akarudi nyuma hatua kwa hatua, akipapasa kwa kisigino. Kisigino kikakosa ardhi. Akaporomoka kwenye bonde dogo lililojaa thabai, mimea ile ya kuwasha ambayo mama yake aliipika ugali ulipokosa mboga. Mikono, shingo, uso, vyote vikawaka moto. Akauma mtandio wake asipige kelele. Alilala katika tope jeusi, machozi yakimtoka, akisikiliza kwato juu yake.

Kwato zikasimama.

Zikaondoka.

"Asante," akanong'ona, akaanza kutambaa.

*

Land Cruiser ilikuwa imeegeshwa mahali njia ilipoishia, chini kidogo ya pango. Maporomoko madogo ya maji yalishuka mbele ya mdomo wa pango kama pazia. Absalom alikuwa amelala kitini, kofia usoni, redio ya gari ikiimba rumba.

Mlango ukafunguka. Kitu baridi kikamgusa sikio.

"Zima muziki."

Akauzima. Alimtazama yule mwanamke mwenye tope kutoka kichwani hadi miguuni, uso umevimba mapele.

"Ai, Were, Mungu wangu. Wewe ni mtu ama ni shetani?"

"Tutajua ukinidanganya. Wako wangapi juu?"

"Wawiri tu. Mukhisa na Mzungu."

Kwenye dashibodi, kiredio kidogo cha mkononi kikaamka. Sauti ya Mukhisa, aliyekuwa amesimama mdomoni mwa pango, mahali redio isipomezwa na mwamba.

"Absarom, umefika? Tumeshika askari moja hapa ndani. Mzungu anasema tummarize. Mimi nimesema kwanza abebe pembe hadi kwa gari. Fungua mrango ya nyuma."

Nyambu alifumba macho, akayafumbua. Yu hai. Yu hai hadi mzigo ufike garini.

Kupanda kwenda kupigana na bunduki mbili mbele ya mateka? Risasi ya kwanza ingekuwa ya Wekoye. Kungoja Cherehani? Cherehani yuko Tongaren anahutubu. Akili ilimzunguka kama ndege aliyeingia nyumbani, ikigonga kila ukuta. Kisha ikatua.

Kiswahili cha Brandt. Kilichonyooka kama shati.

"Absalom. Utamjibu hivi, na Mzungu asikie: mahali imebadilika."

Absalom akapepesa macho. "Mahari imebadirika?"

"Hivyo hivyo. Usibadilishe hata herufi."

Absalom akabonyeza kitufe. "Mukhisa, hapa Absarom. Ambia Mzungu mahari imebadirika. Nasema mahari imebadirika!"

"Imebadirika? Kwa nini?"

Nyambu akazungusha kidole hewani: harakisha. "Mambo ni mbaya!" Absalom akalia, na hapo hakuwa akiigiza.

Kiredio kikabaki wazi. Mukhisa, kwa wasiwasi, alisahau kidole kwenye kitufe. Na hapo, ndani ya gari, wote wawili wakasikia neno likifanya kazi yake.

"Daktari, twende! Mahari imebadirika!"

"Mahari?" Sauti ya Brandt, taratibu, ya mwalimu. "Mahari ni malipo. Unasema malipo yamebadilika?"

"Ndio! Imebadirika! Si hii tena!"

"Tulikubaliana, Mukhisa."

"Turikubariana, rakini sasa si hapa, ni ingine! Twende haraka, bana!"

"Haraka! Umengoja nifike pangoni, mzigo mbele yangu, ndipo unipandishie bei? Mwizi!"

"Nani mwizi? Mahari, Daktari! Mahari! Wewe hujui Kiswahiri?"

"Mimi sijui Kiswahili? Mimi?"

Nyambu alikuwa tayari amemfunga Absalom mikono kwa soksi ndefu, na ya pili ameisokomeza mdomoni. Akachukua funguo za gari, akachukua kiredio, akapanda kwa magoti na viganja. Ugomvi ulipanda pamoja naye, mfukoni mwake, ukipaza sauti.

Akajibanza nyuma ya pazia la maji. Akachungulia.

Brandt alisimama ameshika bastola ya Glock. Haikuelekea kwa mateka. Ilielekea kifuani mwa Mukhisa. Mukhisa naye alikuwa na bunduki ya G3, ile ya Wekoye, amemwelekezea Mzungu. Kati yao, amepiga goti, nyusi imepasuka na mguu mmoja hauna kiatu, umevimba kama kiazi, alikuwa Wekoye na pembe nzito begani.

Nyambu akapiga mluzi. Mdogo tu. Mstari wa alto wa wimbo waliouimba pamoja kwayani Jumapili iliyopita.

Wekoye, mwimba besi, hakugeuza kichwa. Alilegeza bega.

Pembe ikaangukia mguu wa Mukhisa.

Mukhisa akapiga yowe. G3 ikalipuka kuelekea juu. Na dari la pango likajitenga na mwamba.

Popo! Wengi, weusi, wakimiminika kuelekea mwangani, wakigonga vichwa, mabega, macho. Daktari Brandt, mchunguzi wa popo, alijitupa chini akafunika kichwa kwa mikono yote miwili akilia kwa lugha ya mama yake.

Glock ilikuwa imemtoka. Alipoipapasa, gambuti lilikuwa limeshakanyaga mkono wake.

"Lala hivyo hivyo."

Nyuma, Wekoye alikuwa amekaa juu ya mgongo wa Mukhisa, na G3 imerudi kwa mwenyewe.

Brandt aliinua jicho moja. "Wewe ni nani?"

"Muuza nguo."

"Yeye... alitaka kuongeza malipo..."

"Hakutaka." Nyambu akamfunga mikono kwa mkanda wake mwenyewe. "Alikuwa anakuambia mkimbie. Kiswahili chako ni kizuri mno, Daktari. Ndicho kilichokuponza."

Wekoye alipangusa damu kwenye nyusi, akihema.

"Sindano, si urisema hapa hakuna kitu?"

"Nilisikia vibaya."

"Urisikia nini?"

"Mahari."

Wekoye akatazama huku na huku pangoni, hakuelewa. "Si ndiyo hii?"

Nyambu akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, na alipofuta macho hakujua kama ni thabai au ni kitu kingine.

Nje, akafungua Motorola.

"Sindano, ulizima redio," Cherehani akasema. Nyuma yake injini ilikuwa ikiunguruma, gari likipigana na tope.

"Betri."

"Uzi?"

"Mzima. Anachechemea."

Cherehani alishusha pumzi. "Na ng'ombe?"

"Ninao. Hawa hawana mikia."

"Mungu ni mwema."

"Hotuba ilikuwaje?"

"Walilia, Sindano. Hata mimi nililia."

*

Jua lilikuwa linazama Yamaha ilipoingia Tuwani. Gari la Idara halikuruhusiwa kusimama kwenye mlango wa Uzi, na Uzi hakuweza kukanyaga. Kwa hivyo alikuja amepakiwa nyuma, mikono imemzunguka Nyambu kiunoni asianguke. Kiatu chake, ambacho mguu uliovimba ulikikataa, kilining'inia kwenye usukani kwa kamba zake.

Rispah alikuwa mlangoni akipepea jiko.

Alitazama mikono ya mumewe kwanza. Kisha viatu.

Nyambu alimshusha Wekoye, akamwegemeza begani, akamwingiza ndani hadi kwenye kiti. Rispah aliwafuata nyuma. Hakusaidia. Alisimama katikati ya chumba chake, kipepeo cha jiko bado mkononi.

"Mama Ngige," akasema polepole, "si nirikuuriza?"

Wekoye akafungua kinywa. "Mama Emmy, sikia. Huyu mama..."

Nyambu alimtazama. Mara moja tu.

Brandt alikuwa na wenzake, upande ule wa mpaka na zaidi, na majina yao hayajajulikana bado. Rispah akiambiwa ukweli, siku moja angemtetea jirani yake kwenye mfereji wa maji, kwa moyo mweupe kabisa, mbele ya masikio mengi. Na watu hao wangekuja kwenye mlango huu huu.

Wekoye akafunga kinywa. Akainamisha kichwa. Na kule kuinama, machoni mwa mkewe, kukawa jibu.

"Nirikuita dada," Rispah akasema. Sauti haikupanda, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Turipiga magoti pamoja, mimi na wewe. Kesho kanisani usikae benchi yangu."

Emmy, binti yao, akatoka chumbani mbio. "Papa! Papa amerudi!" Akajitupa juu ya goti la baba yake. Wekoye akakunja uso kwa maumivu, kisha akamkumbatia kwa mikono yote miwili, akamshikilia, hakumwachilia.

Nyambu aliwatazama kwa kitambo kidogo. Mtoto, baba, mapaja ya suruali yenye tope jeusi.

Akakifungua kile kiatu, akakiweka taratibu kando ya mlango, ncha yake ikielekea ndani.

Akachukua helmeti yake, akatoka.